Vinundu Vinavyowasha Baada ya Upele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika maelezo haya neno upele limetumika kwa maana yake mahususi, yaani ugonjwa wa ngozi unaoletwa na utitiri mdogo unaochimba ngozi ya binadamu, wala si kila kipele kinachoota mwilini. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu wapo wanaopewa dawa ya upele ilhali hawana upele, na wapo wenye upele wanaotibiwa fangasi kwa miezi mingi. Maswali yafuatayo yanamhusu mtu ambaye alikwisha kupata upele, akatumia dawa, akaona vipele vingi vimekauka, lakini akabakiwa na vinundu vigumu vinavyomnyima usingizi.

Vinundu hivi ni nini hasa?

Ni uvimbe mdogo, mgumu kiasi, wa mviringo, wenye upana wa takriban milimita 5 hadi 20, ambao huhisika vizuri zaidi kwa kidole kuliko unavyoonekana kwa jicho. Hupenda kukaa mahali ambapo ngozi ni laini au hufunikwa na nguo: mfuko wa korodani, uume, kinena, makwapa, matako, kiuno, na sehemu inayozunguka chuchu za matiti. Kwenye ngozi nyeupe huwa vyekundu au vya hudhurungi. Kwenye ngozi nyeusi huwa vya kahawia iliyokolea, vya rangi ya zambarau, au vyeusi kuliko ngozi inayovizunguka, na kwa hiyo anayetafuta ule wekundu unaotajwa katika maelezo mengi ya kitabibu huenda asiuone kabisa na akadhani ana ugonjwa mwingine.

Si kila aliyeugua upele huvipata. Wengi hupona bila hata kinundu kimoja, na hakuna njia ya kujua mapema ni nani atakayebakiwa navyo.

Kama dawa imeua utitiri, kwa nini ngozi bado inawasha?

Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wagonjwa wengi hawajaelezwa, nalo ni kwamba mwasho wa upele hautokani na kuumwa na mdudu. Utitiri jike, ambaye urefu wake haufiki nusu milimita, huchimba kihandaki katika tabaka la juu kabisa la ngozi, hutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku, na huacha mate na kinyesi chake humo humo. Mwili huvitambua vitu hivyo kuwa vigeni, na mapambano ya kinga dhidi yake ndiyo yanayowasha. Ushahidi wake ni rahisi kuuona: mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 akiwa na utitiri mwilini bila kujikuna, kwa sababu kinga yake bado haijajifunza kuutambua, lakini akiambukizwa mara ya pili huanza kuwashwa ndani ya siku chache tu. Aidha, mgonjwa wa kawaida huwa na utitiri wachache sana, takriban 10 hadi 15 mwili mzima, ingawa anajikuna kana kwamba wamo maelfu.

Dawa inapofanya kazi huua wadudu, lakini haiyaondoi mabaki yao. Maiti, maganda ya mayai na kinyesi hubaki katika ngozi mpaka tabaka lile lipukutike lenyewe, na muda wote huo mwasho huendelea. Kwa baadhi ya watu kinga huenda mbali zaidi: chembe zake hukusanyika kwa wingi ndani ya ngozi, chini ya mahali utitiri ulipokuwa, na mkusanyiko huo ndio kinundu. Vinundu vya zamani vinapokatwa na kutazamwa kwa hadubini, ni nadra kukuta mdudu ndani yake. Kinachoonekana ni chembe za kinga zilizosongamana, wakati mwingine kwa wingi kiasi cha kumfanya mtaalamu asiyejua historia ya mgonjwa afikirie saratani ya limfu.

Nimemaliza dawa wiki mbili zilizopita na bado najikuna. Je, ni kawaida?

Ndiyo. Mwasho wa jumla unaweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4 baada ya tiba iliyofanikiwa, ukipungua pole pole, na wakati mwingine huongezeka kidogo katika siku za mwanzo. Ukivuka wiki 4 bila kupungua, au ukipungua kisha ukapanda tena, inafaa kuchunguzwa upya. Vinundu vyenyewe vina kalenda yake, nayo ni ndefu zaidi: hudumu kwa wiki kadhaa, mara nyingi kwa miezi, na kwa watu wachache hufika mwaka au kupita.

Nitajuaje kwamba utitiri umekwisha kweli?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote, na ningemshauri msomaji asiendelee na majibu yanayohusu dawa za vinundu kabla ya kulitafakari, kwa kuwa tiba ya kinundu ikianza wakati utitiri ungali hai, mgonjwa huharibikiwa pande zote mbili.

Kwanza, angalia kama kuna vipele vipya. Vinundu vilevile vya zamani, vikiwa mahali palepale na vikiwasha vilevile, si dalili ya kushindwa kwa dawa. Lakini vipele vidogo vinavyoota mahali palipokuwa safi, hasa katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono upande wa kiganja, viwikoni au kuzunguka kitovu, pamoja na vile vijistari vyembamba vilivyopindapinda ambavyo ni njia za utitiri, vinaashiria kwamba kazi haijaisha.

Pili, waulize watu wa nyumbani. Ikiwa mtu mwingine mnayelala chumba kimoja naye ameanza kujikuna usiku, basi ama hakutibiwa, ama ametibiwa siku tofauti na yako, na utitiri umekuwa ukihama kutoka kwake kuja kwako na kurudi.

Tatu, kumbuka kwa uaminifu jinsi dawa ilivyotumika. Katika hatua hii ndipo makosa mengi hugunduliwa. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, si mahali panapowasha peke yake. Huachwa kwa saa 8 hadi 14. Kisha hurudiwa baada ya siku 7 hivi. Watoto wadogo na wazee hupakwa pia kichwani na usoni, kwa kuepuka macho na mdomo. Mtu aliyepaka jioni, akanawa mikono kabla ya kula, na asipake tena mikononi, ameacha makazi yanayopendwa zaidi na utitiri bila dawa. Vivyo hivyo kwa aliyesahau chini ya kucha, katikati ya matako, kitovuni, au kwenye sehemu za siri kwa sababu ya kuogopa kuungua. Vidonge vya ivermektini, ambavyo dozi yake hupigwa kwa uzito wa mwili, yaani mikrogramu 200 kwa kila kilo, navyo humezwa mara mbili, dozi ya pili ikifuata baada ya siku 7 hadi 14. Sababu ni kwamba dawa hiyo haiui mayai, na wadudu watakaoanguliwa baada ya dozi ya kwanza wanahitaji kukutwa na ya pili. Anayemeza mara moja na kuridhika ameitibu nusu ya ugonjwa.

Daktari anaweza kukagua ngozi kwa lenzi maalumu yenye mwanga, au kukwangua kijistari na kutazama kwa hadubini. Akimwona mdudu au yai, shauri limekwisha. Asipomwona, bado hawezi kuapa kwamba hayupo, kwa kuwa wadudu wachache kiasi kile ni rahisi kukwepa.

Basi si bora nirudie dawa ya upele mara nyingi, kwa usalama?

Hapana, na hapa naona kosa la watu makini kuliko wazembe. Mgonjwa anayechukia hali yake hupaka permethrini au benzili benzoeti kila wiki, wengine kila siku, kwa matumaini kwamba mdudu wa mwisho atakufa. Dawa hizi ni sumu kwa utitiri lakini pia hukausha na kuchubua ngozi ya binadamu, na benzili benzoeti ndiyo kali zaidi katika jambo hilo. Baada ya mizunguko kadhaa ngozi huwa kavu, yenye magamba madogo, inayowasha mwili mzima na kuchoma inapoguswa na maji. Mgonjwa husoma mwasho huo kama uthibitisho kwamba upele umerudi, na hupaka tena. Nimesema kosa la watu makini kwa sababu kila anachokifanya kina mantiki, ila mantiki hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba kila mwasho una mdudu.

Mzunguko mmoja kamili, wenye dozi zake mbili na watu wote wa nyumbani, unatosha kwa wengi. Mzunguko wa pili una maana pale tu penye vipele vipya, penye utitiri uliothibitishwa, au pale ilipobainika kwamba ule wa kwanza ulikosewa. Katika miaka ya karibuni madaktari wa nchi kadhaa, hasa za Ulaya, wameripoti wagonjwa wanaoshindwa kupona kwa permethrini ingawa wameipaka ipasavyo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo jambo la busara ni kubadili dawa au kuunganisha krimu na vidonge chini ya usimamizi wa daktari, si kuongeza wingi wa dawa ileile.

Je, kuna faida ya kupaka dawa ya upele juu ya kinundu peke yake?

Hakuna.

Vinundu vinatibiwa kwa dawa gani?

Kwa kuwa kinundu ni kazi ya kinga ya mwili, dawa yake ni ile inayoituliza kinga mahali hapo, na ya kwanza kutumiwa ni krimu au marhamu ya steroidi. Haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo watu wengi huijua, kwa kawaida ni dhaifu mno kupenya uvimbe mgumu kama huu. Madaktari huandika steroidi zenye nguvu zaidi, kama vile betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 au mometasoni ya asilimia 0.1, na kwa vinundu sugu klobetasoli ya asilimia 0.05.

Namna ya kupaka ina umuhimu sawa na dawa yenyewe. Chukua kiasi kidogo sana kwenye ncha ya kidole, weka juu ya kinundu tu bila kuenea kwenye ngozi nzima inayokizunguka, sugua taratibu mpaka kitoweke, kisha unawe mkono. Mara moja au mbili kwa siku inatosha. Muda unaoandikwa mara nyingi ni wiki 2 hadi 3, baada ya hapo dawa hupumzishwa au kupunguzwa hata kama kinundu hakijaisha kabisa. Dalili ya kwanza ya mafanikio ni kutulia kwa mwasho. Kinundu hulainika baadaye, kisha hutandaa, na rangi yake ndiyo ya mwisho kuondoka. Asiyejua mpangilio huu hukata tamaa katika wiki ya kwanza kwa kuona kinundu kingali pale pale, ilhali tayari analala usiku kucha.

Ngozi ya kinena, ya makwapa na ya mfuko wa korodani ni nyembamba, na hufyonza steroidi kwa wingi kuliko ngozi ya mkono au mguu. Bahati mbaya ni kwamba hizo ndizo sehemu zinazopendwa na vinundu. Steroidi kali ikipakwa hapo kwa muda mrefu hufanya ngozi iwe nyembamba zaidi, ioneshe mishipa, na kuchanika michirizi ambayo haifutiki. Kwa sababu hiyo tiba ya sehemu hizo inapaswa kuwa fupi, yenye tarehe ya mwisho inayojulikana tangu siku ya kwanza. Kufunika kinundu kwa plasta au nailoni juu ya krimu huongeza nguvu ya dawa maradufu na zaidi. Ni mbinu inayotumika, lakini si ya kujaribu bila kuambiwa.

Steroidi inanituliza mara moja. Kwa nini nisingeianza mapema, kabla ya dawa ya upele?

Kwa sababu ingemficha mdudu. Steroidi hupunguza mwasho na uvimbe bila kumgusa utitiri, hivyo ngozi huonekana inapona wakati wadudu wanaongezeka bila upinzani. Vipele hubadilika sura, huenea mahali pasipo pa kawaida, na hata daktari mzoefu anaweza kupotea. Mgonjwa naye, akijiona nafuu, huendelea kulala na familia yake na kuiambukiza.

Niseme neno kuhusu zile krimu zinazochanganya ndani ya tyubu moja steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Hupendwa kwa sababu zinatuliza karibu kila kitu kwa siku tatu za mwanzo. Kwa upele hazitibu chochote, na katika maoni yangu zimechelewesha wagonjwa wengi kuliko dawa nyingine yoyote ya ngozi inayonunuliwa bila kuandikiwa.

Nimepaka krimu kwa wiki tatu na vinundu havijatikisika. Kuna njia nyingine?

Zipo kadhaa, na zote zinahitaji daktari wa ngozi. Ya kwanza ni sindano ya steroidi, kwa kawaida triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kinundu chenyewe. Huuma kidogo, hufanya kazi vizuri kwa vinundu vichache vikaidi, na inaweza kurudiwa baada ya wiki kadhaa. Hasara yake ni kwamba ngozi ya mahali hapo inaweza kubonyea au kupauka kwa muda, jambo linaloonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi.

Ya pili ni marhamu ya takrolimasi au krimu ya pimekrolimasi. Hizi hutuliza kinga bila kuifanya ngozi iwe nyembamba, na hivyo zinafaa hasa kwa sehemu za siri na kwa watu wanaohitaji tiba ndefu. Siku za mwanzo huleta hisia ya kuungua ambayo huisha yenyewe. Inafaa mgonjwa aonywe mapema, la sivyo ataitupa dawa usiku wa kwanza.

Kugandisha kinundu kwa naitrojeni baridi kumewasaidia baadhi ya watu, ingawa kwa mwenye ngozi nyeusi kunaweza kuacha doa jeupe lisilopendeza. Vidonge vya prednisoloni hutolewa kwa nadra na kwa muda mfupi, pale vinundu ni vingi na vimemtesa mgonjwa, na kwa sharti kwamba utitiri umekwisha bila shaka yoyote. Kukata kinundu kwa upasuaji hufanywa zaidi kwa ajili ya uchunguzi kuliko kwa ajili ya tiba.

Kuna pia uamuzi wa kusubiri, ambao ni halali kabisa. Kinundu kisichowasha sana hakihitaji kulazimishwa; kitaondoka kwa wakati wake.

Je, vidonge vya mzio vinasaidia?

Vinasaidia kiasi. Setirizini au loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima, hupunguza mwasho bila kulaza sana. Klorfeniramini ya usiku hulaza, na kwa mtu ambaye hajalala kwa wiki nzima usingizi wenyewe ni tiba, mradi tu asiendeshe chombo wala mashine akiwa chini ya dawa hiyo. Vidonge hivi haviyeyushi vinundu. Mafuta mazito yasiyo na manukato, yanayopakwa mara baada ya kuoga wakati ngozi bado ina unyevu, mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko watu wanavyotarajia, hasa kwa ngozi iliyokaushwa na dawa za upele. Krimu ya krotamitoni na losheni zenye mentholi hupoza kwa saa chache.

Nifanyeje ili nisijikune?

Msemo wa kipele kupata mkunaji husemwa kwa furaha, lakini kwa vinundu una ukweli mchungu. Kila kujikuna huinua tena uvimbe, na kinundu kilichokunwa kwa miezi kinaweza kugeuka kuwa ugonjwa wa kujitegemea, yaani ngozi ngumu, nene, inayowasha kwa sababu inakunwa na inayokunwa kwa sababu inawasha, hata baada ya chanzo cha upele kusahaulika. Kata kucha ziwe fupi, vaa nguo laini zisizobana, oga maji ya vuguvugu badala ya moto, na mwasho ukizidi bonyeza kinundu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika kadhaa. Kwa wanaojikuna usingizini, kufunika kinundu kwa bandeji nyepesi husaidia kuliko nia njema.

Vinundu vyangu viko sehemu za siri na naona aibu. Je, ni ugonjwa wa zinaa?

Upele huambukizwa kwa mgusano wa muda mrefu wa ngozi kwa ngozi, na kujamiiana ni mojawapo ya migusano hiyo, lakini kulala kitanda kimoja na mtoto au kumuuguza mgonjwa nako kunatosha. Kinundu cha upele kwenye uume au kwenye mfuko wa korodani si ushahidi wa uasherati wa mtu yeyote. Wala si ushahidi wa uchafu, kwa maana utitiri hauzuiwi na kuoga. Shirika la Afya Duniani, ambalo liliingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 200 wanao wakati wowote duniani.

Hata hivyo aibu isimzuie mtu kuonyesha sehemu hizo, kwa sababu si kila kinundu cha hapo ni cha upele. Kaswende inaweza kuleta vipele vigumu ambavyo kwa kawaida haviwashi. Chunjua za sehemu za siri huwa na uso wa kukwaruza. Na yapo magonjwa mengine ya ngozi yanayofanana nayo. Kipimo cha damu cha kaswende ni rahisi, na kukifanya mara moja ni bora kuliko kubahatisha kwa miezi.

Mtoto wangu mchanga ana vinundu makwapani. Nimpake dawa yangu?

Usimpake. Watoto wachanga huvipata vinundu mara nyingi kuliko watu wazima, makwapani, kifuani na mgongoni, na kwao huweza kukaa kwa miezi bila kumaanisha kwamba utitiri ungalipo. Ngozi ya mtoto hufyonza steroidi upesi na mwili wake ni mdogo, hivyo dawa ya mtu mzima inaweza kumdhuru. Mara nyingi mafuta ya kulainisha na subira vinatosha, na daktari akiona haja ataandika steroidi ya nguvu ya chini kwa siku chache. Ivermektini haipewi kwa kawaida watoto wenye uzito chini ya kilo 15. Inafaa pia daktari amwone kwa sababu yapo magonjwa ya nadra ya utotoni yanayotoa vinundu vya rangi ya kahawia vinavyofanana na hivi.

Na mjamzito?

Permethrini na marhamu ya salfa huhesabiwa kuwa salama katika ujauzito, ilhali ivermektini kwa kawaida huepukwa. Kwa vinundu, steroidi ya kupaka ya nguvu ndogo au ya kati, kwa eneo dogo na kwa muda mfupi, inakubalika kwa ushauri wa daktari. Anayenyonyesha na mwenye vinundu karibu na chuchu asipake dawa kabla ya kunyonyesha, na aisafishe ngozi hiyo vizuri kabla ya mtoto kugusa.

Je, bado naambukiza wengine?

Kinundu hakiambukizi. Kinachoambukiza ni utitiri hai, na kama mzunguko wa tiba umekamilika na hakuna vipele vipya, unaweza kukumbatia watu, kulala na mwenzi wako na kurudi kazini.

Nguo na matandiko nifanyie nini? Nyumba je?

Utitiri ukitoka mwilini huishi siku 2 hadi 3 tu. Nguo, mashuka na taulo zilizotumika katika siku 3 kabla ya dawa zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzijoto 60 na kukaushwa kwa joto, au zipigwe pasi; visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa, na wiki nzima ni tahadhari ya kutosha. Hufanywa siku ya kupaka dawa, na hurudiwa siku ya dozi ya pili. Kupuliza sumu ya wadudu vyumbani hakusaidii, na mvuke wake huongeza mwasho kwa ngozi iliyokwisha chubuka. Kuendelea kuchemsha mashuka kila siku miezi mitatu baadaye hakuondoi kinundu hata kimoja.

Nahisi wadudu wakitembea chini ya ngozi, ingawa daktari hakuona kitu. Je, nimerukwa na akili?

La. Mishipa ya fahamu iliyochokozwa kwa wiki nyingi hubaki ikitoa hisia za kutambaa na kuchomachoma, na hofu ya kuambukizwa tena huifanya akili isikilize kila mchomo. Kwa wengi hisia hiyo hupungua kadiri ngozi inavyotulia. Ikiwa imepita miezi, unakagua mwili kwa saa nyingi kila siku, unajichokoa kwa sindano ili umtoe mdudu, au umeanza kujipaka petroli na dawa za shambani, mweleze daktari waziwazi. Mateso hayo ni ya kweli na yana tiba, ila tiba yake si dawa ya upele.

Vitaacha makovu?

Kinundu ambacho hakikuchubuliwa kwa kucha huondoka bila kovu. Doa jeusi hubaki kwa miezi kadhaa, hasa kwa wenye ngozi nyeusi, na hufifia lenyewe. Krimu za kung'arisha ngozi hazifai hapo, kwani nyingi zina steroidi au kemikali zinazochubua na zinaweza kuanzisha mwasho upya.

Lini nimwone daktari bila kungoja?

Ukiona usaha, maumivu yanayoongezeka, joto na uvimbe kuzunguka kinundu, au homa, kwa sababu hizo ni dalili za bakteria walioingia kupitia michubuko. Maambukizi ya aina hii yakipuuzwa yanaweza kudhuru hata figo, hivyo mkojo wa rangi ya kahawia au uso unaovimba asubuhi, hasa kwa mtoto, ni jambo la siku hiyo hiyo. Kinundu kinachokua haraka, kinachopasuka na kutoa kidonda kisichopona, au kinachoambatana na tezi zilizovimba na kupungua uzito, kinastahili kukatwa kipande na kupimwa. Mpe anayepima historia yako ya upele, pamoja na tarehe za dawa ulizotumia, kwa kuwa bila habari hiyo majibu ya hadubini yanaweza kumtisha yeye na wewe pia.

Nikipona, vinaweza kurudi?

Vinundu vilivyoisha vinaweza kuvimba tena kidogo mahali palepale ndani ya wiki chache baada ya kuacha steroidi, na hilo hutibiwa kwa kurudia krimu kwa siku chache kwa idhini ya daktari. Ukiambukizwa upele upya mwili utakujulisha mapema, ndani ya siku 1 hadi 4, na mwasho utatokea kwanza mahali papya. Ikiwa siku hizo zimepita na kinachowasha ni kile kinundu cha zamani tu, acha permethrini kabatini.